Kifaransa cha Nukta Nundu

Nilianza kazi katika chuo cha wasioona, kwenye njia ya kupanda Kibosho, nikiwa sijui hata neno moja la Kifaransa. Nilikuwa nimesomea uhazili mjini Moshi, nikachapa barua za wakili mmoja kwa miaka kadhaa mpaka alipofunga ofisi na kurudi kwao. Sista aliyekuwa mkuu wa chuo alinichukua kwa sababu nilichapa haraka na kwa sababu, alisema, nilikuwa na sura ya mtu wa kukaa. Akanipa miezi mitatu nijifunze nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa ncha za vidole. Kila herufi ina nafasi ya nukta sita, na kazi ya mwandishi ni kujua zipi zinyanyuke na zipi zilale. Mimi nilizisoma kwa macho, nikiinamisha karatasi kuelekea dirishani ili vivuli vijitokeze. Wanafunzi walipojua hivyo walinicheka sana. Walisema ni sawa na mtu kula ugali kwa kuunusa.

Katika wiki yangu ya kwanza ya kazi yenyewe, mwalimu wa Kifaransa alikuja na ukurasa mmoja niliokuwa nimemwandalia. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, haoni kabisa, na alitembea pale chuoni bila fimbo kwa sababu alijua kila ngazi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akauweka ukurasa mezani kwangu na kidole chake katikati ya mstari.

"Dada, hapa umeniandikia kwamba bibi anakula."

"Ndivyo ilivyokuwa kwenye kitabu, Mwalimu."

"Kwenye kitabu bibi amekula. Ameshamaliza, ameosha na sahani. Kulikuwa na kialama juu ya herufi ya mwisho, umekiacha."

Nilimwambia ukweli, kwamba nilidhani vile vialama ni mapambo. Hakunikasirikia. Alivuta kiti, akaomba mashine, akanionyesha. Herufi ya e ni nukta mbili tu. Ile e yenye kialama cha Kifaransa ni nukta zote sita, zimejaa, kama dirisha lililozibwa. Alinishika mkono akaweka kidole changu juu yake. "Funga macho," akasema, "usiibe." Nikafunga. Kwa mara ya kwanza nilisoma herufi kwa kidole, na herufi hiyo haikuwa ya Kiswahili, wala ya Kiingereza, wala ya Kichagga changu cha Kirua Vunjo.

Historia yake niliijua kidogo kidogo, kwa sababu hakuwa mtu wa kujieleza. Wazazi wake walitoka Kigoma kuja kukata miwa kwenye mashamba ya kusini mwa mji, na yeye alizaliwa huko kambini, kwenye joto na moshi wa miwa inayochomwa. Surua ilimchukua macho akiwa bado hajamaliza shule ya msingi. Akapelekwa shule ya wasioona mkoa wa mbali, na kitanda cha jirani yake bwenini kililaliwa na mvulana aliyekimbia vita Kongo, naye haoni. Yule mvulana hakujua Kiswahili cha huku vizuri, mwalimu wetu naye hakujua Kifaransa, wakawa wanabadilishana neno kwa neno. Mwaka wa pili walishaweza kugombana kwa lugha zote mbili. Alipofika chuo kikuu na kuomba kusoma Kifaransa, walimwuliza vitabu vyake vitatoka wapi. Aliwajibu kwamba hilo ni swali lao, yeye lake ni kusoma.

Darasa lake lilikuwa na wanafunzi tisa na kitabu kimoja. Kitabu hicho cha nukta nundu kilikuja kama msaada kutoka maktaba fulani ya nje, kimegawanywa katika majuzuu makubwa kama vitabu vya hesabu za serikali, na juzuu la tatu halikuwepo. Mwalimu alikijua kwa moyo. Alisoma kwa sauti, wanafunzi wakaandika, kisha wakasoma walichoandika, akawasahihisha kwa kupitisha vidole juu ya kila karatasi. Karatasi yenyewe ilikuwa tatizo. Nukta nundu zinahitaji karatasi nene, na ilipokwisha waliandikia kurasa za kalenda za zamani. Nakumbuka msichana mmoja kutoka Kwa Sadala akisoma shairi la Kifaransa nyuma ya picha ya trekta, hajui kama kuna trekta.

Sista alilipenda darasa hilo lakini alikuwa na chuo kizima cha kulisha. Kwenye kikao cha walimu ilisemwa wazi kwamba vijana wetu wanafundishwa kukanda misuli na kupokea simu, na Kiingereza kinatosha kwa yote mawili. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama watalii wanaopanda mlima wote wanaumwa misuli kwa Kiingereza. Watu wakacheka, kikao kikaisha, na hali ikabaki ilivyokuwa.

Kisha likaja tangazo. Lilitumwa kwa barua pepe ya chuo, nami ndiye niliyekuwa naifungua kila asubuhi. Mfuko mmoja wa nje ulikuwa ukitoa fedha kwa vyuo vidogo vinavyohudumia watu walioachwa nyuma, kwa ajili ya kufundisha lugha za kigeni na habari za mataifa mengine. Nilimsomea mwalimu pale pale. Akaniomba nisome tena. Halafu akaniomba nisome mara ya tatu sehemu inayosema lugha za kigeni.

Kompyuta yake ilikuwa na programu ya kumsomea maandishi kwa sauti, lakini fomu ya ule mfuko ilijaa visanduku ambavyo programu ilivitaja tu "kitufe, kitufe, kitufe." Kwa hiyo tulikaa pamoja ofisini kwangu, michana mitatu mfululizo baada ya vipindi. Fomu iliruhusu kujibu kwa Kiingereza au Kifaransa, naye alichagua Kifaransa. Alinitajia herufi moja moja, nami nikichapa nisichokielewa, vialama vyote mahali pake, na kila tulipomaliza aya alinieleza tumesema nini. Ndiyo maana maneno yangu ya kwanza ya Kifaransa hayakuwa habari za asubuhi wala jina lako nani. Yalikuwa mahitaji, malengo, na endelevu.

Sista alikuwa ametuandalia rasimu ya Kiswahili ya kutusaidia, na humo aliandika mara nyingi neno walengwa. Mwalimu alilikataa.

"Mlengwa ni yule anayetupiwa mshale," alisema. "Andika wanafunzi."

"Mwalimu, wafadhili ndivyo wanavyoandika," nikamwambia.

"Basi leo wasome kitu kingine."

Palipoulizwa wanafunzi watapata faida gani, alitaja kazi za hotelini na za simu, kwa sababu ni kweli na kwa sababu Sista alitaka zitajwe. Lakini chini yake aliongeza sentensi nyingine. Aliponieleza maana yake niliacha kuchapa kidogo. Alikuwa ameandika kwamba mtu asiyeona hajui dunia ina ukubwa gani mpaka asome, na kwamba wanafunzi wetu wamechoka kusomewa.

Jibu lilikuja baada ya muda mrefu, wakati wa kuvuna kahawa, na lilikuwa zuri kuliko tulivyotarajia. Mfuko ulisema umependezwa na ombi letu. Ungetuletea mwalimu kijana wa Kifaransa kutoka kwao akae nasi mwaka mzima, wamlipie safari, nyumba na bima, pamoja na kompyuta bapa za darasa, zile za kisasa za kugusa kioo. Sista aliisoma barua ile amesimama. Aliita jikoni waongeze nyama kwenye mtori wa ndizi wa siku hiyo. Mwalimu alimshukuru Mungu kama sisi wengine, lakini hakula. Mchana akaenda kwa Sista na kuomba ruhusa ya kuwapigia simu.

Nilikuwepo, kwa sababu mimi ndiye niliyeipiga. Simu iliwekwa sauti ya nje juu ya meza ya Sista. Mwanamke akaitika, mwalimu akaanza kuzungumza, na mimi na Sista tukabaki kutazamana. Nilikuwa nimemsikia akifundisha Kifaransa, taratibu, neno hapa na neno pale. Sikuwahi kumsikia akiishi ndani yake. Alizungumza kama mtu anayeteremka ngazi za nyumbani kwao, bila kuzipapasa. Yule mwanamke alicheka mara mbili, kisha akauliza maswali mafupi. Nilichoambulia mimi ni neno moja tu lililorudi na kurudi, nalo ni karatasi.

Simu ilipokatwa Sista aliuliza wamesemaje.

"Nimemwambia mwalimu wa Kifaransa yupo tayari," alisema. "Kijana wao akija, mwaka ukiisha ataondoka, na darasa litakuwa limemzoea yeye. Nimeomba karatasi, mashine ya kuchapa nukta nundu kutoka kwenye kompyuta, na mshahara wa wahitimu wetu wawili ili wafundishe pamoja nami."

"Na kompyuta bapa?"

"Zina kioo laini, Sista. Mkono hauna cha kushika."

Sista alikaa chini. Alikuwa mwanamke mpole, lakini siku ile uso wake ulibadilika. "Mwalimu, umekataa msaada mbele yangu, kwa lugha nisiyoielewa."

"Sijaukataa. Nimeomba ubadilishwe."

"Na amejibuje?"

"Ameniuliza nimeishi Ufaransa miaka mingapi. Nimemwambia mwisho wangu ni Holili, sijavuka hata mpaka wa Kenya. Akaniuliza sasa nimesomaje, nikamwambia kwa vidole. Hakujua kwamba mimi mwenyewe sioni. Fomu haikuuliza. Amesema atafikiria."

Lazima niseme kwamba nami nilikuwa upande wa Sista. Nilimfuata mwalimu uani nikamwambia nilichofikiri, kwamba amefanya kiburi, na kwamba wanafunzi ndio watakaoumia. Ilikuwa si adabu kumwambia hivyo mtu niliyemwamkia shikamoo kila asubuhi. Alisimama kando ya tangi la maji akanisikiliza hadi mwisho.

"Inawezekana," alisema. "Ukiona nimekosea, utanisaidia kuandika barua ya kuomba radhi. Ila tusubiri kwanza."

Tulisubiri wiki nyingi. Kila asubuhi nilifungua barua pepe, nikamkuta Sista mlangoni, nikatikisa kichwa. Hakumlaumu tena mwalimu kwa maneno, ila aliacha kumtania, na watu wote wa pale chuoni walijua hiyo inamaanisha nini. Mwalimu aliendelea kufundisha kwa kalenda.

Mwanzoni mwa mvua za masika tukapata ujumbe kwamba yule mwanamke wa kwenye simu anakuja mwenyewe. Barabara yetu wakati wa masika si ya kusimulia. Gari lake lilifika kwenye kona ya chini ya chuo likazama tope mpaka kwenye milango. Wanafunzi walisikia injini ikilia, na kabla sijapata mwavuli wangu walishateremka, wameshikana mabega, mbele yao yule msichana wa Kwa Sadala aliyekuwa akiona mwanga kidogo. Dereva alipowaona alitoka nje akaanza kuwazuia, akisema wataumia, wasisogee.

"Wewe tuambie usukani umeukata upande gani," msichana alimwambia. "Mengine tuachie."

Walisukuma mara tatu. Mara ya tatu gari likatoka, na wote wakachafuka kuanzia magoti hadi nywele. Mgeni alikuwa mwanamke wa umri wangu, mfupi, amevaa viatu vya kitambaa ambavyo viliharibika hapo hapo. Mwalimu alimpokea kwa Kifaransa akimwomba msamaha kwa ajili ya barabara, naye alijibu jambo lililowachekesha wanafunzi. Ndipo nilipotambua kwamba walikuwa wamemwelewa. Wote tisa, pale kwenye matope, walikuwa wamecheka kwa wakati mmoja na mwalimu wao, wakati mimi na dereva tulisimama tu.

Aliomba kukaa darasani. Hakutaka hotuba wala nyimbo, ingawa Sista alikuwa ameandaa nyimbo. Siku hiyo somo lilikuwa soko. Kwa kuwa juzuu la tatu halikuwepo, mwalimu aliwaambia wanafunzi waandike sura yao wenyewe kujaza pengo, kila mtu kuhusu soko la kwao, nami nilikuwa nimezipanga karatasi zao na kuzishona kwa uzi. Msichana alisoma ya kwake. Mama yake aliuza ndizi Kwa Sadala, naye alikulia chini ya meza ya mama yake. Alieleza jinsi ya kujua ndizi kwa mkono: mshare wa kupika una kingo, kisukari ni fupi na ngozi yake ni nyembamba, ndizi ng'ombe hujaza kiganja. Majina yote aliyaacha kama yalivyo katikati ya Kifaransa. Mwalimu alinitafsiria kwa sauti ya chini nikiwa nimekaa kando yake.

Alipomaliza, mgeni alimsifu, kisha akamwuliza kwa nini hakutafsiri majina ya ndizi.

"Nimetafuta," msichana akajibu. "Kifaransa kina majina mangapi ya ndizi?"

Mgeni alifikiri. Akasema mawili, labda matatu.

"Basi bado hamjamaliza," msichana alisema, na hakuwa akifanya mzaha. Alitoa mkono akaomba daftari la mgeni ili mtu amwandikie majina yote, asije akayasahau. Yule mwanamke alimpa. Mimi ndiye niliyeandika, msichana akinitajia, na mgeni akayarudia moja moja kwa ulimi wake wa Kifaransa mpaka darasa zima likawa linamsahihisha matamshi ya ng'ombe. Mwalimu alikuwa ameketi mikono ikiwa magotini, na uso wake ulikuwa kama wa mzazi kwenye kipaimara.

Kabla ya kuondoka mgeni alizungumza na Sista kwa Kiingereza. Alisema ofisini kwao walikuwa wamezoea kuulizwa watatuma nani, hawakuwahi kuambiwa kwamba aliyepo anatosha. Hakuahidi kitu. Lakini barua iliyokuja baadaye ilikuwa na kila alichoomba mwalimu, isipokuwa kwamba kati ya wahitimu wawili walikubali mmoja kwa mwaka wa kwanza na wa pili kwa mwaka uliofuata. Sista aliisoma kwanza peke yake. Kisha akavuka ua, akaingia darasani kwa mwalimu katikati ya kipindi, na akamwomba radhi mbele ya wanafunzi. Mwalimu aliinuka haraka hata kiti kikaanguka.

"Sista, nami niliogopa," alisema. "Siku ile ya simu nilishika meza yako kwa mikono miwili. Kama ungeniambia niwapigie tena nikubali, ningekubali."

Sikutegemea kusikia hivyo. Nilikuwa nimemwita mtu wa kiburi, na alikuwa ameniacha niamini hivyo kuliko kunionyesha woga wake. Nilimwendea jioni nikamwambia maneno yangu ya uani nimeyafuta. Alisema hakuna cha kufuta, kwa sababu ningeweza kuwa sahihi.

Mashine ilipofika ilitubidi kuitafutia chumba chake, maana ikichapa inapiga kelele kama mvua ya mawe juu ya bati. Boksi za karatasi zilijaa stoo ya mahindi. Nilifanya kazi nyingi mwaka ule kuliko mwaka wowote wa maisha yangu. Tulitengeneza juzuu letu wenyewe la tatu, lenye masoko tisa, na kila mwanafunzi akapata nakala yake ya kwenda nayo nyumbani. Msichana aliniambia kwamba likizo alimsomea mama yake sokoni, kwanza kwa Kifaransa kisha kwa Kichagga, na wanawake wa meza za jirani waliacha kuuza ili wasikilize, kisha wakabishana naye kuhusu kisukari.

Fedha za mfuko zilikwisha baada ya muda waliosema, na hawakuongeza. Waliandika kwa heshima kwamba sasa wanahamia nchi nyingine. Tulihuzunika, lakini hatukufunga. Shule nyingine za wasioona zilikuwa zimesikia habari za mashine yetu, zikaanza kutuletea mitihani na vitabu tuwachapie, na kazi hiyo ndiyo inayonunua karatasi hadi leo. Sista amestaafu, yuko kwenye nyumba ya masista wazee huko juu. Mwalimu bado anafundisha, ingawa sasa vipindi vingi anavyo yule msichana wa Kwa Sadala, ambaye si msichana tena. Aliajiriwa kwanza mapokezi kwenye hoteli moja mjini, akakaa miaka miwili, akarudi kwetu kwa hiari yake. Anapenda kumwambia mwalimu kwamba Kifaransa chake ni cha kizamani, kwamba wageni wa hotelini hawasemi hivyo siku hizi. Mwalimu anamwomba aseme wanavyosema, kisha anaandika.

Mwaka huu chuo kimenipa kazi nyingine juu ya ile ya zamani. Walikuja wanawake wawili kutoka shule moja ya mkoani Singida, wote makatibu kama nilivyokuwa mimi, wakae nasi wiki mbili wajifunze kuandika lugha za kigeni kwa nukta nundu. Nilidhani mwalimu ndiye atakayewafundisha. Asubuhi ya siku ya kwanza alinipitia ofisini, nikamwamkia, akaniambia chumba kiko tayari na wageni wameshakunywa chai.

"Twende basi, Mwalimu," nikasema.

"Mimi nina kipindi," akanijibu, akaendelea na njia yake. Nikachukua mashine yangu ndogo na bunda la karatasi, nikaenda peke yangu. Wale wanawake wawili walisimama nilipoingia, wakaniamkia, nami nikawaomba wakae.